Kuzalisha perege wa kulishia mboga

Ndugu, umeuliza kama perege wazaliane humo humo kwenye tangi la samaki ambalo maji yake hulisha mboga. Watazaliana, ila vifaranga wataliwa na wakubwa. Tenga tangi dogo: dume mmoja kwa majike watatu, maji yawe nyuzijoto 26 hadi 30.

Jike hubeba mayai mdomoni. Ukiona kidevu kimetuna na chakula hakigusi, usimsumbue. Akishtuka huyatema au kuyameza. Vifaranga wakishaogelea wenyewe, mtoe mama. Mdomo wa pampu uvike sifongo, la sivyo itawafyonza.

Wapo wanaohamishia vifaranga kwenye tangi la mboga wakiwa wadogo mno, mimi sishauri. Ngoja wasienee tena mdomoni mwa wakubwa, kisha waingize wachache wachache ili bakteria wa majini wamudu kugeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki, iwe chakula cha mboga.