Agiza spea kwa msimbo wa Land Cruiser yako, si kwa jina lake

Mwezi Machi mwaka 2014 Land Cruiser yangu ya pikapu ilikatika springi ya mbele, upande wa kushoto, nikiwa nimetoka Kikondo nateremka kuelekea Isyonje na magunia ya viazi. Viazi vilihamishiwa kwenye Fuso siku hiyo hiyo, lakini gari lilibaki kando ya barabara, nami nikampigia simu muuzaji wa spea wa Dar es Salaam na kumpa maelezo niliyoamini kuwa yamekamilika: naomba springi za mbele za Land Cruiser pikapu, injini yake ni 1HZ. Mzigo ulifika Uyole kwa basi baada ya siku mbili, ukapandishwa mlimani kwa bodaboda, na mzee mmoja fundi, aliyekuwa ameacha shamba lake ili anisaidie, akafungua kiroba, akatoa koili mbili nyeusi na kuzilaza juu ya nyasi zenye umande.

"Mwanangu, hizi ni za sabini na tisa," akaniambia. "Wewe una sabini na tano. Hazina pa kukaa."

Kweli hazikuwa na pa kukaa. Chini ya gari langu kulikuwa na mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kubanwa na yubolti, na hapakuwa na kikombe chochote cha kupokea koili. Pikapu ilikuwa ileile kwa jina, injini ilikuwa ileile kwa herufi na kwa ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, na bado kifaa nilichokilipia hakikuwa cha gari langu. Gari lilikaa pale siku tisa zaidi. Simlaumu sana muuzaji, kwa kuwa alinitumia kitu kinacholingana na maneno niliyompa. Kilichokosekana ni tarakimu moja, ile ya mwisho katika msimbo wa gari, ambayo sikuwa nimewahi kuitilia maanani ingawa ilikuwa imegongwa kwenye bamba la bati ndani ya boneti tangu gari lilipotoka kiwandani.

Tangu wakati huo nimejifunza kuisoma misimbo ya magari haya tangu ya kwanza, na nawashauri wote wanaomiliki au wanaotaka kununua Land Cruiser katika nyanda zetu za juu wafanye hivyo kabla ya kutoa fedha yoyote. Si elimu ngumu. Msimbo una herufi mbele na namba nyuma. Herufi zinataja injini, kisha zinamalizikia na J, ambayo ndiyo herufi ya ukoo. Namba inataja kizazi cha gari, na tarakimu yake ya mwisho kwa kawaida inataja umbo na urefu wake.

J ilitoka mbali. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari la kupanda milima ambalo waliliita Toyota Jeep BJ: B ikiwa ni injini ya petroli ya silinda sita na lita 3.4 iliyokuwa ikitumika kwenye malori yao, na J ikiwa ni ya neno Jeep. Mwaka huo huo gari hilo lilipandishwa mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa mali ya wengine, kwa hiyo mwaka 1954 gari likapewa jina la Land Cruiser, lakini J haikuondolewa. Ipo kwenye pikapu inayobeba mbolea Makete leo, na ipo kwenye shangingi jipya linalopita barabara kuu kwenda Tunduma.

Kanuni ya herufi ni hii: chukua jina la injini, ondoa tarakimu iliyo mbele, kisha weka J. Injini ya 1HZ inakupa HZJ. Injini ya 1HD, ambayo ni dizeli ya lita 4.2 yenye tabo (turbo), inakupa HDJ. Injini ya 1VD, yaani ile V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyoingia mwaka 2007, inakupa VDJ. Injini ya 1PZ yenye silinda tano inakupa PZJ, ile ya petroli ya 1FZ inakupa FZJ, na V8 ya petroli ya 2UZ inakupa UZJ. Ukiikumbuka kanuni hii hutahitaji kukariri orodha yoyote.

Udhaifu wa kanuni hiyo uko palepale ilipo nguvu yake, kwa sababu tarakimu inayoondolewa ilikuwa na maana. HJ60 na HJ61 zote zina HJ, lakini ya kwanza ina injini ya 2H, dizeli ya lita 4.0 isiyo na tabo, na ya pili ina 12H-T yenye tabo. Vivyo hivyo BJ40 ina injini ya B ya lita 3.0 na BJ42 ina 3B ya lita 3.4. Katika magari hayo ya zamani, tarakimu ya mwisho ilibeba kazi mbili kwa pamoja, mara urefu wa gari, mara injini. Ndiyo maana mtu anayeuza gasketi za injini atakuuliza namba nzima hata kama umekwisha kumtajia herufi. Angalia pia kwamba B ya mwaka 1951 ilikuwa ya petroli, ilhali B iliyowekwa kwenye BJ40 mwaka 1974 ni dizeli ya silinda nne. Herufi ni moja, na hakuna nati moja inayohamishika kati ya injini hizo mbili.

Namba za vizazi zinafahamika zaidi. Mfululizo wa 40 ulianza mwaka 1960, na ndani yake FJ40 ilikuwa fupi, FJ43 ya kati na FJ45 ndefu. Wa 60 ulianza mwaka 1980, wa 80 ukaja kuelekea mwaka 1990, wa 100 mwaka 1998, wa 200 mwaka 2007 na wa 300 mwaka 2021. Huo wa 300 umeubadilisha hata utaratibu wa herufi, maana yenye injini ya dizeli ya F33A inaitwa FJA300. J sasa imekaa katikati.

Mfululizo ambao sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa tunapaswa kuukalia chini na kuusoma kwa makini ni wa 70, ulioanza mwaka 1984 na ambao hadi sasa haujakoma kutengenezwa. Huu ndio unaobeba wagonjwa wa Ludewa, walimu wa Matamba na mbao za Mafinga. Hadi mwaka 1999 gari refu liliitwa 75, liwe ni pikapu au hadtopu, yaani lenye bodi ya bati iliyofunikwa hadi nyuma. Mwaka huo 75 ikagawanywa: hadtopu ndefu ikawa 78, pikapu ikawa 79. Wengi wanadhani namba ilibadilishwa tu kama serikali inavyobadilisha rangi ya fomu, lakini chini ya bodi mambo yalibadilika kweli. Springi za mabapa za mbele ziliondolewa zikawekwa koili. Nati za gurudumu zilikuwa sita zikawa tano. Pikapu ilirefushwa, ikatoka milimita 2,980 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hadi 3,180, kwa hiyo hata propela shafti ya nyuma ya 79 haikai kwenye 75. Injini ya 1HZ ndiyo iliyobaki vilevile, na ndiyo inayotudanganya, kwa kuwa mtu akisikia 1HZ anadhani ameshalijua gari lote.

Hapo ndipo penye ushauri wangu mkuu. Katika gereji zetu herufi hubadilika, namba haibadiliki. Fundi mzuri wa Mbalizi anaweza kuitoa 2H iliyochoka na kuingiza 1HZ ndani ya wiki moja, na gari lililozaliwa HJ75 likafanya kazi kama HZJ75 kwa miaka kumi bila tatizo. Lakini hakuna anayeweza kuigeuza 75 kuwa 79 kwa gharama ya akili timamu, kwa maana angelazimika kubadilisha fremu, ekseli ya mbele na magurudumu yote manne. Kwa hiyo unapotafuta spea za injini, usiamini herufi zilizo kwenye bamba. Inama uisome namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Unapotafuta spea za chini, yaani springi, shokapu, mabushi, breki na shafti, iamini namba.

Miaka mitatu baada ya mkasa wa Kikondo, shemeji yangu aliniomba nimsindikize Mafinga kutazama pikapu ambayo muuzaji aliitaja kuwa ni HZJ79. Kwa mbele ilikuwa na grili na taa za kisasa, rangi yake ilikuwa mpya, mkonga wa kupitishia hewa umefungwa vizuri. Nilipochuchumaa karibu na gurudumu la mbele nilihesabu nati: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nikaingiza mkono nyuma ya tairi, vidole vikagusa mabapa ya springi yaliyopakwa grisi nzito. Tulipofungua boneti na kulifuta bamba la bati kwa kitambaa chenye dizeli, maandishi yalijitokeza polepole chini ya rangi: HJ75RP. Shemeji alilinunua gari lile, na hajawahi kulijutia, lakini alilinunua kwa bei ya 75 yenye umri wake, na muuzaji hakubisha baada ya kuonyeshwa bamba.

Herufi zile mbili zinazofuata namba, RP, nazo zina kazi. R ni usukani wa kulia na L ni wa kushoto; P ni pikapu na V ni gari lenye bodi ya bati iliyofunikwa, kama hadtopu. Katika magari ya baada ya mwaka 1999 utaiona R au L ikifuatwa na kistari na herufi nyingine nyingi, mfano HZJ78R au HZJ79L. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara tunahitaji R, lakini yapo magari yanayotoka Kongo ambayo yalizaliwa L na kuhamishwa usukani. Ukikuta bamba linasema L huku usukani uko kulia, muulize mwenye gari ni nani aliyeihamisha boksi ya usukani, na ulijaribu gari kwenye mteremko mrefu kabla ya kuzungumza bei.

Ningekosea kama ningekuacha uisome namba peke yake. Ipo HZJ78, ambayo ni ile hadtopu ndefu tunayoijua, na ipo KZJ78, ambayo ni Prado ya zamani ya milango mitano, nyepesi, yenye koili mbele na nyuma. Namba ni moja, magari hayafanani hata kidogo. Katika mfululizo wa 100 pia, HZJ105 ina ekseli nzima ya mbele, ilhali UZJ100 na HDJ100 zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea kila upande. Kwa macho ya mpita njia yote ni shangingi moja. Na kwa kuwa tumefika kwenye mashangingi, naomba tuache kuagiza "spea za VX". VX na GX ni madaraja ya vifaa na starehe. VX ilikuwapo kwenye 80, ikawapo kwenye 100 na kwenye 200, kwa hiyo muuzaji anayekuuzia breki za VX bila kukuuliza swali lolote anabahatisha kwa fedha yako.

Bamba la msimbo hukaa ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu, mahali ambapo tope la Kitulo hupenda kuganda; isugue taratibu kwa brashi na dizeli, usitumie grainda. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani kabla ya kuletwa kwetu huwa na namba ya chasisi inayoanza na msimbo wenyewe, mfano HDJ81 au KZJ95, ikifuatwa na kistari na tarakimu, ilhali yale yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya nchi za nje huwa na namba ndefu inayoanza na JT. Ukinunua la dizeli la miaka ya 1980 lililotoka soko la ndani la Japani, tazama pia betri zake, kwa sababu mengi yalikuwa ya volti 24, na stata ya volti 12 haitakufaa.

Mimi hupiga picha tatu: bamba, namba ya chasisi kwenye fremu, na namba iliyogongwa kwenye injini. Nazilinganisha na kadi ya gari, kisha ninazihifadhi kwenye simu na kuzitoa nakala ya karatasi inayokaa kwenye dashibodi pamoja na bima, maana Kikondo mtandao hupotea. Ninapoagiza kifaa Dar es Salaam au Mwanjelwa, humtumia muuzaji picha hizo kabla ya kumwambia neno lolote, na humwomba anitumie picha ya kifaa kikiwa mezani kwake kabla sijalipa. Mara ya mwisho nilipoagiza springi za mbele, alinijibu kwa picha ya mabapa saba yaliyofungwa kwa waya, na juu yake ameandika kwa chaki: 75.