Mama anasema anasahau, vipimo vinasema yuko sawa: yaliyonikuta mimi

Mwanangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Mama yako ana miaka 66, anasema kichwa hakishiki tena, kliniki wamempima wakamwambia yuko sawa, na ninyi watoto mmeanza kumwambia aache wasiwasi. Mimi nina 69 na nimepita hapo hapo. Msimnyamazishe.

Nina duka Busia, upande wetu wa Uganda, huu mwaka wa thelathini. Zamani mteja wa ng'ambo akinyoosha 500 ya Kenya, kabla hajaiachia nishajua ni kama 14,000 za kwetu, nishatoa za sukari na sabuni, chenji iko mkononi. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kukwama. Si kukosea, kukwama. Noti nimeshika, mteja ananitazama, hesabu haiji. Nikanunua kalkuleta, mimi niliyekuwa namcheka jirani kwa kuitegemea. Binti yangu anayeshinda nami dukani hakuona kitu. Nilijua peke yangu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kliniki nikaulizwa tarehe, nikapewa maneno ya kukumbuka, nikachora saa, nikataja miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Nikafaulu yote. Muuguzi akacheka, "Mama, umenishinda hata mimi!" Nikapanda boda nikiwa na hasira ambayo sikujua nimkasirikie nani.

Baadaye nilikuja kuelewa. Kipimo kinakulinganisha na wenzako wa umri wako, wewe unajilinganisha na wewe wa juzi. Aliyekuwa hodari anaweza kushuka ngazi mbili na bado akapita mtihani. (Na kama mama yako hakusoma sana, ulizeni alipimwa kwa kipimo gani. Dada yangu mkubwa hakushika kalamu maishani. Yeye alipangiwa njiti za kiberiti mezani, akaambiwa apange umbo lile lile. Kipimo hicho cha njiti kilianzia Nigeria, kwa ajili ya wazee wasioandika. Kumchoresha saa mtu kama yeye ni kumpima shule, si kumbukumbu.)

Ndani ya kichwa mambo huanza kimya kimya. Kwa Alzaima, aina kuu ya ugonjwa wa kusahau, protini iitwayo amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla familia haijaona lolote. Nyingine, tau, huharibu mapema sehemu ndogo iliyo ndani usawa wa masikio, jirani na hipokampasi, panapopokelewa mambo mapya ya kukumbuka. Ubongo nao hukubali kuazima nguvu kwingine, kwa hiyo jibu linapatikana ila kwa jasho. Jasho hilo analihisi mwenye kichwa, karatasi ya kliniki hailioni. Ndiyo maana mwaka 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa wakakubaliana jinsi ya kuitambua hali hii: mtu anahisi ameshuka, vipimo havioni. Walisema izingatiwe zaidi ikiwa kinachopungua ni kumbukumbu hasa, imeanza baada ya miaka 60, ndani ya miaka 5 iliyopita, mwenyewe ana wasiwasi, na mtu wa karibu naye ameona.

Sasa usimkimbilie mama yako na habari hizo ukamtia hofu. Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka huo huo ulikuta kwamba kati ya wazee 100 wanaolalamika hivi, kama 2 hivi kwa mwaka ndio huingia kwenye ugonjwa wa kusahau, na kwa wasiolalamika ni kama 1. Ni maradufu, ndiyo, lakini wengi hawafiki huko.

Marehemu shemeji yangu hakuwahi kulalamika. Alisema tunamwibia. Mshahara wa uzeeni aliuficha ndani ya debe la unga, akaamka akituita wezi. Ugonjwa ukishaingia, mara nyingi mgonjwa hajui kwamba anasahau, wanaolalamika ni wa nyumbani. Mama yako anajiona, na kujiona huko bado ni mali.

Kilichonisaidia kilikuwa kavera, mfuko wa plastiki niliotilia dawa. Daktari wa pili aliniambia nimletee dawa zote ninazomeza, hata za kununua dukani. Nikamwaga mezani. Akachukua vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, akauliza, "Hivi unameza lini?" Kila usiku, nikamwambia, nalala vizuri. Nilikuwa na mwaka mzima nikivimeza! Akanieleza kwamba vinaziba asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka, na kwa mtu wa umri wetu vinatia ukungu. Presha nayo ilikuwa 170 kwa 100. Akaagiza damu ya tezi ya shingo na vitamini B12, maana vidonge vya sukari vya metifomini vikimezwa miaka mingi hupunguza hiyo B12. Akaniuliza pia kuhusu masikio, usingizi, na kama nina msiba. Swali la msiba lilinitoa machozi, lakini hayo si ya leo.

Basi mwambie mama yako akusanye dawa zake zote, nenda naye, na mle ndani mwache aongee yeye kwanza. Matokeo ya siku hiyo yatunzeni, mwakani apimwe tena, ili safari hii alinganishwe na yeye mwenyewe. Ila kuchanganyikiwa kukija ghafla, kwa saa au siku chache, au mdomo ukaenda upande, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi vidonge vya njano nimeacha, presha imeshuka, hesabu zimerudi, si zote. Majina ya wateja wapya bado yananitoroka. Kalkuleta iko pale kaunta, na daftari la madeni sasa naandika jioni ile ile.