Anti, nimeitwa korti na aliyeniibia ako nje kwa bondi

SWALI: Anti, niko na kaduka ka M-Pesa huku Kayole. Mwezi wa tatu vijana wawili waliniingilia saa mbili usiku nikihesabu floti, mmoja akanigonga na nyundo kwa mkono wakatoka na pesa. Huyo mmoja namjua, tulisoma naye praimari. Alishikwa, sasa ako nje kwa bondi. Tangu nipate samansi ya korti ya Makadara wiki ijayo, binamu yake anakuja kila jioni kununua kredo ya shilingi kumi, ananiangalia tu halafu anauliza kama watoto wameshafunga shule. Usiku inaingia meseji kwa namba siijui, eti "mkono ulipona haraka". Bwanangu anasema nitupe laini twende ushago. Afisa wa kesi naye anataka pesa ya mafuta ndio ashughulike. Nisipoenda korti itakuwaje? – Mama Floti, Kayole

JIBU: Pole sana dada. Kwanza hiyo laini msitupe jamani, na hizo meseji usifute hata moja. Chukua daftari uandike binamu alikuja siku gani, saa ngapi, alisema nini na nani alikuwa kwa duka, hiyo ya watoto iandike vile alivyoitamka.

Ukikosa kwenda bila sababu hakimu anaweza kutoa waranti ushikwe wewe, yaani uliyegongwa nyundo ndio utafutwe na polisi. Kwa hivyo ushago si dawa. Leo nenda stesheni uandikishe vitisho, hiyo ni OB mpya (ripoti kwa kitabu cha matukio cha polisi) si ile ya wizi, na usitoke bila namba yake. Halafu usingoje siku ya kesi, enda Makadara mapema utafute prosekuta, umwambie anayeshtakiwa ako na watu wanakutisha. Bondi ni haki yake kwa Katiba lakini si ya kuchezea mashahidi, prosekuta anaweza kuomba ifutwe ama masharti yakazwe, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa nafasi maoni yako yasikizwe kwa hayo mambo ya bondi. 2020 Mahakama ya Juu pia ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki kesi kupitia wakili wake, ingawa hageuki kuwa prosekuta wa pili.

Kama hofu imezidi kuna Shirika la Kuwalinda Mashahidi, limetokana na sheria ya 2006. Unaweza kuomba mwenyewe ama prosekuta akuombee, na hulipi. Watapima hatari yako kwanza. Wanaweza kuomba korti ikusikize faraghani, ama kwa video, ama jina lako lifichwe, ingawa kwako jina halitasaidia sana, si mlisoma pamoja. Ikibidi wanahamisha mtu na familia yake, lakini hapo ongea na bwanako vizuri maana ukiingia ni kufuata masharti yao: duka unaacha, na hakuna kupigia jirani simu ati unasalimia. Wengi wakisikia hiyo wanarudi nyuma, na siwalaumu.

Pesa ya mafuta usitoe. Mwombe afisa aandike anataka ngapi na ya nini, utaona vile ataanza kukohoa. Akisumbua peleka malalamiko kwa mkubwa wake ama IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Hata P3, ile fomu ya polisi ya kuandikwa majeraha, haiuzwi, na kama ya mkono hukujaziwa uliza sasa, beba karatasi za hospitali ulipotibiwa.

Fidia? Akipatikana na hatia korti inaweza kuamuru akulipe, mwambie prosekuta mapema ulipoteza ngapi na uwe na rekodi za floti za siku hiyo. Kulipwa kwenyewe ni hadithi ingine, kijana wa nyundo hana shamba.

Siku ya kesi usikae kwa benchi ya koridoni na watu wake. Ingia mapema, mwambie prosekuta ama karani umefika, uonyeshwe pa kungojea, na simu iwe na chaji, hizo meseji prosekuta atataka kuziona kwa simu yenyewe.