Muzee halali, anakonda, anasahau: ni uzee tu?

Swali: Docta, baba yangu ana miaka 71, alikuwa fundi cherehani hapa Kadutu. Tangu mama afariki mwaka jana analalamika mgongo na tumbo, amekonda, anaamka saa tisa usiku. Ekografia haikuonyesha kitu, damu vilevile, akapewa vitamini. Sasa ameanza kusahau. Ni uzee?

Jibu: Dada yangu, uzee peke yake haumwamshi mtu saa tisa wala kumkatisha hamu ya sombe. Nashuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ingawa bila kumwona siapi.

Sisi madaktari tunaikosa mara nyingi kwa wazee. Tunangoja machozi, na muzee wa Bukavu hakuambii ana huzuni: atasema tumbo, atasema mgongo, akikuzoea atasema "ninawaza sana". Basi tunapima tumbo. Na akiwa amefiwa, tunaona ni kawaida, tunamwandikia vitamini. Kuna kipimo cha maswali 15, kilichofupishwa Marekani mwaka 1986 kwa ajili ya wazee hasa. Hakiulizi usingizi wala chakula, maana mwili wa mzee una mambo mengi mengine ya kuvivuruga. Kinauliza kama ameacha shughuli zake, kama anajiona hana faida. Wewe hapo nyumbani angalia: cherehani yake imefunikwa tangu lini?

Kuhusu kusahau, mwenye sonona ukimuuliza tarehe hujibu "sijui, niache", na mwenyewe ndiye analalamika kuwa kichwa kimeharibika. Akiwa na ugonjwa wa akili kufifia, mara nyingi hubuni jibu, na wanaolalamika ni watoto. Ila yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja.

Uliza kama tezi ya shingo ilipimwa, na umpelekee daktari dawa zake zote kwenye mfuko, maana tezi na dawa nazo zinaweza kuleta dalili kama hizi.

Usimnunulie diazepamu, ile ya usingizi, farmasi. Itamwangusha usiku akienda choo. Amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, nayo inaweza kumfungia mkojo akiwa na shida ya prosteti, na kumpa kizunguzungu akisimama. Mimi huanza na setralini, dawa nyingine ya sonona, nusu ya dozi, tukifuatilia sodiamu katika damu, maana inaweza kuishusha. Kwa umri wake nafuu inaweza kuchukua wiki 6, hata 12, kwa hiyo msikate tamaa wiki ya pili.

Halafu muulize wazi kama anatamani kufa. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali, asilale peke yake, na mumpeleke SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili hapa Bukavu, siku hiyohiyo.