Kabla ya Harusi, Kabla ya Msiba, Uliza Kwanza Makaratasi

Mdogo wangu alifunga ndoa mwezi wa nane, Jumamosi, na siku ileile ombi lake la kuja Marekani likafa. Hakuna aliyejua. Tulichanga, tukacheza, picha tukazirusha kwenye kundi la familia.

Baba alikuwa na grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Alimjazia dogo fomu I-130, ile ya kumwombea ndugu, dogo akiwa na miaka 24, hajaoa, na foleni ya viza ikaanza. Miaka ikapita, sisi tunajua tu kwamba faili lipo. Alipoitwa kwenye usaili ubalozini, alibeba cheti cha ndoa ndani ya bahasha, akiamini kitampa uzito zaidi. Afisa alikisoma, akamwuliza tarehe mara mbili, kisha akamweleza kwamba ombi lilijifuta siku ya harusi. Mwenye grini kadi anaweza kumwombea mume au mke wake, na watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa. Mtoto aliye kwenye ndoa anaombewa na mzazi raia tu.

Kinachoniuma ni kwamba Baba alishatimiza zamani ile miaka 5 ya kumwezesha kuomba uraia. Aliona hakuna haraka. Angeapishwa kwanza, dogo akaoa baadaye, ombi lingeendelea na tarehe yake ileile, ingawa lingehamia foleni ndefu zaidi. Tulipoteza miaka yote ile kwa kutanguliza jambo moja kabla ya jingine.

Mimi si wakili. Lakini ndugu wakiniuliza kuhusu makaratasi, siku hizi sianzi na fomu. Nawauliza: mna harusi? Kuna mgonjwa nyumbani? Mnahama? Kwa sababu haya tunayoyaona ni mambo yetu ya kifamilia, sheria ya uhamiaji ya Marekani nayo inayaangalia, na haikuonyi mapema.

Msiba ndio mgumu kuliko yote. Jamaa mmoja niliyepanga naye nyumba aliingia kihalali kwa viza, muda wake ukaisha, akabaki zaidi ya miaka miwili. Katikati hapo akaoa mke raia. Mtu wa namna hiyo, aliyepita mpakani kihalali, mara nyingi anaweza kuomba grini kadi akiwa ndani ya nchi, na kule kuzidisha muda hakumfungii mlango. Hakuwa ameomba bado. Mama yake akafariki. Usiku uleule alikata tiketi, na nani angemzuia mtu asiende kumzika mama yake? Alipotoka tu, adhabu ya sheria ya mwaka 1996 ikamshika. Ukikaa bila hadhi halali ya uhamiaji kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka 3. Ukifikisha mwaka mzima, ni miaka 10. Adhabu hiyo inaanza unapovuka mpaka kwenda nje, ndiyo maana wengi hawaihisi inavyojikusanya. Upo msamaha, kama mke au mzazi mwenye uraia au grini kadi atapata taabu kubwa mno, lakini ni kazi ya miezi mingi kuuthibitisha na unaweza kunyimwa.

Kama ombi lako la grini kadi liko mezani na msiba ukatokea, kuna kibali cha kusafiri, fomu I-131, na kinaweza kuombwa kwa dharura. Ukiondoka bila hicho, mara nyingi ombi linahesabika umelitelekeza. Mpigie wakili kabla ya kumpigia wakala wa tiketi. Najua ni vigumu kufikiria hivyo ukiwa unalia, ndiyo maana naiandika leo, wakati hulii.

Kuhama nyumba kunaonekana jambo dogo. Idara ya uhamiaji inataka anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11. Ukiwa na kesi mahakamani, mahakama ya uhamiaji ina fomu yake na inataka ndani ya siku 5. Kuijulisha ofisi moja si kuijulisha nyingine. Barua ya tarehe ikienda kwa mpangaji mwingine nawe usifike, jaji anaweza kuamuru uondolewe nchini huku kiti chako kiko wazi.

Sasa, umwulize nani? Wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, ambao wengi wao wako kwenye mashirika yasiyo ya faida na bei zao zinavumilika. Serikali haikupi wakili wa bure kwenye mahakama ya uhamiaji, lakini mahakama zenyewe zina orodha ya wanaosaidia bila malipo. Iombe. Mkimbieni yule mtu wa mtaani anayejaza fomu na kuuza hadithi za kujilipua, yaani kuomba hifadhi ya ukimbizi kwa kisa cha kutunga. Ombi la hifadhi linatakiwa ndani ya mwaka 1 tangu uingie, isipokuwa kwa sababu maalumu, na ikithibitika umetunga kwa makusudi, unaweza kufungiwa milele kila faida ya uhamiaji. Sahihi iliyo chini ya hadithi hiyo ni yako, yeye hayupo.

Na dada, au kaka, unayepigwa ndani ya nyumba na mwenzi raia au mwenye grini kadi, anayekutishia kwamba bila yeye utadipotiwa: tangu mwaka 1994 kuna sheria inayokuruhusu kujiombea mwenyewe, bila sahihi yake na bila yeye kuambiwa. Nenda kwa wakili peke yako.

Baba ameshaapishwa. Amemjazia dogo fomu mpya, tarehe mpya, kwenye foleni ya watoto wa raia walio na ndoa, inayochukua zaidi ya miaka 10. Kila mwezi nafungua jedwali la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuangalia foleni imesogea wapi. Binti yao wa kwanza sasa anatambaa. Nimeandika pembeni tarehe atakayotimiza miaka 21, kwa kuwa akiivuka kabla foleni haijafika, anaweza kuachwa nje ya faili la baba yake.