Vikapu vya Maua Roshani: Kuvuka Januari Hadi Machi

Mwaka wa kwanza nilipotundika vikapu vya maua kwenye roshani yangu hapa South B, Nairobi, nilifuata kitabu kilichoandikwa Uingereza. Kilisema Juni hadi Agosti maua yanyweshwe sana. Nikanywesha. Juni ya Nairobi unaijua: mawingu mpaka adhuhuri, watu na masweta. Petunia zangu zikaoza mizizi. Januari ilipofika nilikuwa nimeshaogopa maji, nikayapunguza, na jeraniamu zilizosalia zikakauka kama mabua ya mahindi.

Kiangazi chetu ni Januari, Februari na kipande cha Machi, kabla ya masika. Halafu kuna hili la jua lenyewe. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo Januari jua hupitia upande wa kusini, na Juni hupitia kaskazini. Roshani yangu inatazama kusini: miezi ya baridi haipati jua, miezi ya joto inachomwa. Kabla ya kununua mche, simama roshani uone yako inatazama wapi. Ikiwa ni kama yangu, chukua petunia, jeraniamu au portulaka. Fuksia na begonia ziache kwa mwenye kivuli. Na muulize muuza miche kama mche ulikuwa chini ya neti ya kivuli. Kama ndivyo, uweke kivulini kwa wiki moja kwanza, la sivyo majani yataungua siku ya pili.

Shida kubwa ya kikapu ni kwamba udongo wake ni kidogo na upepo unaupiga pande zote, hata chini. Kwenye tuta la bustani mzizi hutafuta maji mbali. Kikapuni hauna pa kwenda. Februari mimi humwagilia kila siku, na siku za upepo mara mbili. Sitazami udongo kwa juu, maana juu hudanganya. Nanyanyua kikapu kwa kiganja. Kikiwa chepesi, kina kiu.

Na hapa ndipo wengi hupotezea maua yao. Udongo wenye unga wa makumbi ya nazi ukikauka kabisa hukataa maji. Unamimina, unayaona yakichuruzika chini, unaridhika, kumbe yamepita pembeni na katikati ni vumbi tupu. Kwa siku nne mimi nilimwagilia hivyo kikapu kilichokuwa kimeshakufa. Dawa yake ni beseni: teremsha kikapu, kitumbukize kwenye maji nusu saa mpaka viputo viishe. Maji yanayobaki mwagia kikapu kingine, hasa wiki ya mgao, mtungi wa lita 20 ukiwa na bei.

Kuhusu hayo maji yanayochuruzika: chini yangu kuna mama anayeanika shuka zake nyeupe Jumamosi. Siku moja alipanda ngazi akiwa na shuka mkononi, ina michirizi ya udongo mwekundu. “Mwanangu, maua yako ni mazuri, lakini mimi sikuyaomba kitandani.” Tangu hapo namwagilia saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaanika, na kila kikapu kina sahani chini, ambayo naimwaga baadaye ili mizizi isilowe. Asubuhi ndiyo bora hata kwa maua.

Udongo mweusi wa huku kwetu hupasua kuta za nyumba, usiuweke kikapuni. Nachanganya mboji sehemu mbili, unga wa makumbi sehemu moja, vikokoto vyepesi vya volkano sehemu moja. Ndani ya kikapu cha waya natandika gunia la mkonge, na juu yake kipande cha gunia kuukuu la mbolea nilichokitoboa chini.

Kumwagilia kila siku huondoa mbolea udongoni pia, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili natia mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Muuzaji wa agroveti, yaani duka la pembejeo, mwambie unataka yenye potasiamu nyingi. Ile ya naitrojeni itakupa majani ya kupendeza na hakuna ua.

Maua yaliyonyauka yachume pamoja na kile kifuko cha mbegu nyuma yake. Ukivuta petali peke yake mmea unaendelea kulea mbegu, na ukishalea mbegu hauoni haja ya kuchanua. Petunia zinanata vidole, zoea tu. Majani yakianza vidoadoa vya manjano, geuza uone kwa chini: utitiri, hupenda joto kavu. Nyunyiza maji ya sabuni jioni, jua likishapoa.

Mwanzoni mwa Machi nazikata petunia nusu, hata zikiwa na maua. Inauma. Mvua ikianza huwa zimeshatoa machipukizi, na kazi inayobaki ni kuhakikisha matundu ya chini hayajaziba.