Kabla ya Kununua Pikapu, Fungua Mlango wa Dereva

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya namba moja: kilo 3,500. Ndio uzito iliotangazwa kuweza kuvuta, na kwa namba hiyo niliiacha nyingine niliyoipenda zaidi, ambayo yenyewe iliishia kilo 3,100. Wiki mbili nzima nilikesha nikilinganisha hizo mbili, injini ipi ina msokoto mkubwa, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ipi ina gia nyingi, ipi ina skrini pana. Sikuuliza hata siku moja gari linaruhusiwa kubeba kilo ngapi mgongoni.

Jibu nililipata siku tuliyohama nyumba. Tulikuwa watu watano ndani, nyuma pamejaa makabati na masanduku, na trela imefungwa kwenye kulabu. Trela ilikuwa na kilo 2,400, mbali kabisa na zile 3,500, kwa hiyo nilikuwa na amani moyoni. Jua lilipozama nikashangaa kila gari linalokuja mbele linanimulikia taa. Nilidhani nimesahau taa kubwa. Kumbe gari limekaa mkao wa kuchuchumaa, pua juu, na taa zangu za kawaida zinawapiga wenzangu machoni. Usukani ulikuwa mwepesi isivyo kawaida, kama vile magurudumu ya mbele yanaigusa barabara kwa hisani tu. Tulipoanza kushuka mteremko mrefu, nilikanyaga breki na gari likachelewa kutii. Halafu ikaja ile harufu ya breki zilizochemka. Nilisimama pembeni mikono inatetemeka, mtoto amelala kiti cha nyuma hajui lolote.

Kesho yake niliupitisha mzigo ule ule kwenye mizani. Kisha nikafungua mlango wa dereva na kusoma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, ambacho nilikuwa nimekipita kila siku bila kukitazama. Gari liliruhusiwa kubeba kilo 940. Sisi watu tulikuwa kilo 380. Mizigo ya nyuma 400. Bampa la chuma na kava la nyuma nilivyoongeza kwa ajili ya urembo, kilo 130. Na ulimi wa trela, ile sehemu inayokaa juu ya kulabu, ulikuwa unakandamiza kwa kilo 240. Jumla 1,150. Nilikuwa nimezidisha kilo 210, huku nikiamini kwamba nimebakiza zaidi ya tani moja.

Hili la ulimi wa trela ndilo linalowaponza wengi, tena watu makini. Trela ikikaa sawa, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake inalalia kulabu, na gari linauhesabu uzito huo kama mzigo lililoubeba lenyewe. Ipo na hesabu ya pili, ya uzito wa gari na trela kwa pamoja. Chukua pikapu yenye kilo 2,250 ikiwa tupu, inayoruhusiwa kufika kilo 6,000 pamoja na trela yake. Ifungie trela ya kilo 3,500. Kwa ajili ya dereva, abiria na kila kilichomo garini zinabaki kilo 250. Watu watatu wenye miili, na hesabu imefungwa. Namba ya tangazo ni ya kweli, ila ni kweli kwa gari ambalo karibu halina kitu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiufuatilia ushindani wa kampuni hizi kwa jicho lingine. Wanashindania kile kinachoonekana vizuri kwenye bango, na huko Marekani, ambako pikapu ndiyo mboni ya jicho la kampuni kubwa, ugomvi huo ni wa kudumu. Familia ya Ford F imeongoza mauzo ya pikapu huko kila mwaka tangu 1977, na kwa miaka yote hiyo Chevrolet na Ram wanatafuta pa kuipiga. Ford ilipotoa F-150 ya mwaka 2015 yenye bodi ya aluminiamu ili kupunguza uzito, Chevrolet ilijibu mwaka 2016 kwa matangazo ya kumwaga mawe ya ujenzi ndani ya bodi za magari yote mawili, ili watu waone aluminiamu inavyotoboka na chuma cha Silverado, pikapu yao, kinavyohimili. Lilikuwa tangazo zuri. Silverado ya mwaka 2019 ikaja na milango, boneti na mlango wa nyuma vya aluminiamu. Anayenunua kwa kufuata matangazo alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa.

Kwenye uwezo wa kuvuta mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu kwa muda mrefu kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa kanuni zake. Ndipo chama cha wahandisi wa magari cha SAE kilipoandaa kipimo cha pamoja, J2807. Gari linapimwa likiwa na watu wawili wa kilo 68 kila mmoja, na linapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona kwenye joto kali, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Toyota ndiyo iliyotangulia kukifuata, kwa pikapu yake ya Tundra ya mwaka 2011, na namba ya Tundra ikashuka kwenye karatasi ilhali gari ni lile lile. Wapinzani walichelewa kwa miaka. Mimi naiheshimu Toyota kwa uamuzi ule kuliko kwa gari lolote iliyowahi kuunda, maana ilikubali kuonekana dhaifu mbele ya wenzake ili mnunuzi apate namba ya kuaminika. Lakini angalia tena: watu wawili, kilo 68 kila mmoja. Familia yako haimo.

Jambo jingine ninalowaambia wanaoniuliza ni kutoingia kwenye ushabiki wa nembo, kwa kuwa wenye nembo wenyewe hawana uadui huo. Pikapu za Volkswagen Amarok ya sasa na Ford Ranger zilitengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni hizo mbili. Mazda BT-50 zamani ilikuwa ndugu wa Ranger, na tangu 2020 imekuwa ndugu wa Isuzu D-Max. Mercedes nayo iliwahi kuuza X-Class iliyojengwa juu ya Nissan Navara, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2020. Ukijua gari unalolitaka lina pacha, waulize mafundi wawili watatu ni spea za yupi zinapatikana haraka. Sikiliza fundi, hasa yule ambaye hana cha kukuuzia.

Kwa upande wa SUV swali langu la kwanza huwa moja tu: gari lina fremu, yaani mhimili wa chuma wa peke yake chini ya bodi, au bodi yake ndiyo fremu yenyewe? Toyota RAV4 ilipoingia sokoni mwaka 1994 ikiwa imejengwa kama gari dogo lililoinuliwa, ilifungua njia ambayo karibu kila kampuni imeipita baadaye, na haikukosea. Magari ya aina hiyo ni mepesi, yanatulia barabarani, yanakunywa mafuta kidogo. Ila jina la gari halikwambii kitu. Ford Explorer ilikuwa na fremu mpaka toleo la mwaka 2011 lilipoiacha, Nissan Pathfinder ikaiacha kwenye toleo la 2013, na Land Rover Defender mpya nayo haina fremu kama ile ya zamani, wakati Land Cruiser 300 bado imeshikilia yake. Mtu anayepeleka watoto shule na kurudi hana haja ya kubeba fremu ya chuma siku zote za maisha yake. Anayevuta trela nzito kila wiki ana haja nayo. Jiulize gari litafanya nini siku za kawaida, maana safari ya porini ya mara moja kwa mwaka inaweza kuazimiwa gari.

Nilipofika kununua la pili, niliomba kitu kilichomshangaza muuzaji. Nilimwomba afungue mlango wa dereva wa kila toleo la gari lile lile, kuanzia la chini hadi la juu, nikawa napita na daftari nikiandika namba za kibandiko. Toleo la bei ya juu kabisa, lenye viti vya umeme, paa la kioo na rimu kubwa, liliruhusiwa kubeba mzigo mdogo kuliko toleo la kawaida. Haishangazi ukifikiri kidogo: kila pambo lina uzito, na uzito huo unakatwa kwenye kilo ulizopewa. Hata Ranger Raptor, toleo la Ranger la kukimbilia porini, pamoja na ubabe wake wote na springi zake laini za kurukia matuta, inavuta kilo 2,500 wakati Ranger za kawaida zinavuta 3,500. Iliundwa kwa kazi nyingine, na kwa kazi hiyo ni hodari.

Nilichukua toleo la pili kutoka chini. Sijaliongezea bampa la chuma. Kila tunapofunga safari ndefu, mtoto wangu, ambaye sasa amekua, ndiye anayesoma kibandiko kwa sauti huku mimi nikijumlisha, na kama jumla imezidi, kuna sanduku linarudi ndani.